Chuku, asali na ukweli wa kinachotoka mgongoni

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa kazi, na ninyi mliokuja kwa sababu mgongo au shingo imewachosha, karibuni.

Leo nazungumzia kuumika, yaani kuivuta ngozi kwa pembe au kikombe, na kukanda kwa asali. Naanza na pembe hii. Ni ya ng'ombe. Naomba ipite mkono kwa mkono wakati nazungumza, kila mtu aiguse. Pitisheni kidole kwenye mdomo wake mpana. Umesuguliwa hadi ukawa laini kama ukingo wa kikombe, kwa sababu ukiwa na mkwaruzo hata mdogo hewa itapenya na pembe itaanguka. Sasa igeuzeni mtazame ncha. Pana tundu dogo, njiti ya kiberiti inapita kwa shida. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha, alikuwa akiibandika pembe mgongoni kwa mtu, anaweka mdomo kwenye tundu lile, anavuta hewa mara tatu nne mpaka mashavu yanabonyea, halafu anaziba tundu kwa donge la nta ambalo muda wote alikuwa amelibana ndani ya shavu. Mikono haikugusa kitu. Ulimi ndio uliosukuma nta mahali pake. Ilinichukua miezi kuiweza kazi ile ya ulimi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Celsus, Mrumi aliyeandika juu ya tiba katika karne ya 1, aliieleza pembe ya namna hiihii. Alisema vyombo vya kuumikia viko vya aina mbili, vya shaba na vya pembe. Cha shaba hutiwa kitambaa kinachowaka, kisha hubandikwa. Cha pembe hunyonywa hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, na tundu huzibwa kwa nta. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kuichukua pembe ya bibi kabatini. Bibi hakusoma Kilatini. Hakusoma lugha yoyote. Alifundishwa na mama yake, naye na mama yake.

Kwa hiyo nilipoitwa kuzungumzia kuumika na kukandwa kwa asali, sikuona kwamba nimepewa mada mbili. Nyuki yumo kwenye pembe tangu zamani, kwa nta yake. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume Muhammad anataja ponyo katika mambo matatu: kinywaji cha asali, chale ya mwumikaji na kuchoma kwa moto, kisha anaukataza umma wake kuchoma. Asali na chuku zimetajwa kwa pumzi moja.

Ushahidi wa ukongwe haukosekani. Hati za hariri zilizofukuliwa Mawangdui, China, mwaka 1973, kutoka kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, zinaeleza pembe ya mnyama ikitumika kwa mwenye bawasiri. Mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Edwin Smith, ya takriban mwaka 1600 KK, yanaagiza mafuta na asali juu ya kidonda. Nayapita haraka, na nina sababu. Umri wa tiba hautoshi kuthibitisha kwamba inaponya. Kwa karne nyingi watu walitolewa damu kwa kila ugonjwa, na wako walioharakishwa kaburini. Desemba 1799 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Siku hiyohiyo moja alikatwa mshipa na kutolewa damu mara nne, na usiku wake akafa. Waliomtibu walikuwa madaktari wakubwa wa wakati wao, na walimpenda. Ukongwe wa njia waliyoifuata haukumsaidia.

Lugha yetu yenyewe imeweka onyo mahali pa wazi. Pembe hii jina lake ni chuku. Kumwumika mtu kwa pembe ni kumpiga chuku. Lakini leo ukimwambia mtu "unapiga chuku", ataelewa unamtuhumu kwamba anayatia maneno chumvi. Kwangu mimi maana hizo mbili zinakaa nyumba moja: nyama huvimba ndani ya pembe, na habari huvimba ndani ya maneno. Nimesimama hapa kuitetea ile ya kwanza na kuikataa ile ya pili, kwa sababu naona ya pili inaiua ya kwanza.

Tuanze na kinachotendeka.

Sisi wakandaji kwa kawaida tunakandamiza. Kuchua, kukanda, kusugua, kusinga kwa mafuta: mikono yote hiyo inaelekea chini, inausukuma msuli kuelekea mfupani. Kuumika kunakwenda kinyume. Kunainua. Neno lenyewe linasema hivyo, kwani kuumika ni pia kuufanya unga uumuke kwa hamira, na mtu akitazama kikombe cha kioo baada ya dakika mbili ataona mgongo umeumuka ndani yake, mviringo, wekundu unapanda.

Wengi hudhani kwamba moto unaowashwa ndani ya kikombe "unakula" hewa. Kazi kubwa ni ya joto. Moto huipasha hewa, hewa inatanuka, nyingine inatoka nje. Kikombe kikibandikwa, hewa iliyobaki ndani inapoa na kunywea, na msukumo wake unapungua. Huku nje hewa ya dunia inatukandamiza sote kwa uzito wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba, nasi hatuihisi kwa kuwa ndani yetu kuna msukumo unaolingana nayo. Kikombe kikiuvunja ulingano huo, nyama inasukumwa kuingia. Hesabu yake ni rahisi. Kikombe chenye mdomo wa sentimita 5 kina eneo la karibu sentimita mraba 20. Msukumo wa ndani ukipungua kwa thuluthi moja, nyama inainuliwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7. Kikombe kimoja! Nasi tunaweka vinane, vinane mgongoni. Mkimwona mtu anauma meno, msimwambie avumilie ili dawa ikolee. Bonyezeni ngozi pembeni mwa kikombe, hewa iingie, mkibandike upya kwa nguvu ndogo. Vikombe vya pampu vina faida hiyo: unapima unavyovuta, na hakuna moto wa kumuunguza mtu.

Sasa nije kwenye asali, na hapa naomba nichukue nafasi, kwa sababu ni kazi ninayoipenda na ambayo haielezwi vizuri.

Asali ya vijiko viwili au vitatu vya chakula inatosha mgongo wa mtu mzima. Chupa inakaa kwenye maji ya moto, haiwekwi juu ya jiko kamwe. Asali iliyopata moto mkali inashika ngozi na joto lake haliachii, nayo huunguza vibaya kuliko maji. Naijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu: nikihisi joto, naisubiri, nisipohisi chochote, hapo iko sawa. Naipaka nyembamba, mgongo ung'ae tu, isitiririke. Kisha viganja viwili vinalala mgongoni, vinatulia kidogo, navibandua. Vinalala, navibandua. Mwanzoni asali ni laini na mkono unateleza. Dakika ya tatu inaanza kushika. Dakika ya tano mlio unabadilika: kila kiganja kinapobanduka panasikika sauti kama ya utepe wa gundi unaotolewa ukutani, na ngozi inakifuata kiganja, inainuka nacho kidogo kabla ya kuachia. Mgonjwa ambaye alikuwa akiongea ananyamaza. Ngozi inakuwa nyekundu kuanzia mabegani kushuka. Baada ya dakika kumi mikono yangu ndiyo inayochoka, si mgongo wake.

Siku moja, katikati ya kazi hiyo, nilisimama nikatazama kiganja changu kilivyokuwa kinainua ngozi, nikaona kwamba kiganja kimegeuka chuku. Asali inafanya kwa kunata kile ambacho pembe inafanya kwa hewa. Zote mbili zinavuta kwenda juu, zinaita damu ije kwenye ngozi, zinatenganisha ngozi na kilicho chini yake kwa muda mfupi, na zinawapa mishipa ya fahamu ya mgongoni habari mpya ya kupeleka kichwani badala ya ile habari moja ya maumivu iliyokuwa ikirudiwa kutwa nzima. Hapo ndipo nafuu inapopatikana, kwa kadiri tunavyoelewa. Ni nafuu ya kweli. Mtu anainuka kitandani, anageuza shingo kushoto, kulia, anashangaa.

Kosa linaanza baada ya hapo. Linaanza pale tunapotaka kumwonyesha kitu.

Mnaoifanya kazi hii mnajua asali inavyokuwa mwishoni. Haibaki ya dhahabu. Inageuka nyeupe, kisha kijivu, inakuwa nzito na yenye nyuzinyuzi, inashika vidoleni kama gundi chakavu. Kwa miaka nilikuwa nikiikusanya kwenye kitambaa na kumwonyesha mgonjwa: "Tazama sumu iliyotoka mwilini mwako." Macho yalimtoka. Alirudi wiki iliyofuata, na alileta dada yake. Nilikuwa nayaamini maneno hayo, kwa kuwa niliambiwa na aliyenifundisha kazi ya asali, naye aliambiwa.

Kisha asubuhi moja nilinawa mikono vizuri, nikakausha, nikatia kijiko cha asali kiganjani nikaanza kuipiga kati ya viganja vyangu viwili. Hapakuwa na mgonjwa wala mgongo. Baada ya dakika nne ikawa nyeupe. Ni hewa. Viputo vidogo vinanaswa ndani ya asali kila viganja vinapobanduka, na asali yenye viputo huwa nyeupe. Ule ukijivu wa mgongoni unaongezwa na ngozi iliyokufa, ambayo kila mmoja wetu anaipukutisha kila siku, pamoja na mafuta ya ngozi, jasho na vinyweleo. Ni vizuri vitoke. Ngozi inabaki laini kama ya mtoto. Lakini ni takataka za juu ya ngozi, zile ambazo dodoki na sabuni navyo huziondoa. Hakuna kilichotoka kwenye ini wala kwenye viungo.

Na damu? Hapa ndipo pazito zaidi, nami nasema kwa uangalifu kwa sababu najua walioko mbele yangu wanaipenda hijama, yaani kuumika kwa kutoa damu, kwa moyo na kwa dini yao, na mimi ni mmoja wao. Kwenye chuku ya damu tunachanja chale ndogo za juujuu, tunabandika kikombe tena, damu inakusanyika. Tukikitoa, tunakuta bonge jeusi linalotikisika kama ini. Tunasema: "Hii ndiyo damu chafu." Nimesema hivyo maelfu ya mara.

Damu yoyote, yako au yangu, ya mgonjwa au ya mwanariadha, ikitoka kwenye mshipa na kugusa kioo au plastiki huanza kuganda. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, na huo ndio muda tunaokiacha kikombe. Nendeni maabara yoyote mkaombe kuona damu iliyowekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda: mtaona bonge lilelile, lililotoka mkononi mwa mtu mzima wa afya. Weusi wake ni kwa sababu damu ya mishipa midogo ya ngozi imeshatoa sehemu ya oksijeni yake, tena imekaa. Kuganda ni dalili kwamba damu inafanya kazi yake. Ile isiyoganda ndiyo ya kuogopa.

Kazi ya kusafisha damu ina wenyewe. Ni ini na figo. Figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikirudisha karibu yote na kutoa mkojo lita moja au mbili. Kikombe changu kinatoa vijiko vichache vya damu kamili, nzuri na mbaya pamoja kama ingekuwapo mbaya, bila kuchuja chochote. Hakichagui.

Nawaambia jinsi nilivyojifunza, na si jambo rahisi kwangu kulisema mbele za watu. Alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akija kwangu kila mwezi. Alikuwa na uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Alikuwa amesikia kwamba hizo ni dalili za damu chafu, nami sikumsahihisha; nilimthibitishia. Nilimwumika. Alijisikia vizuri siku mbili tatu, kisha uchovu ukarudi, naye akarudi. Tuliendelea hivyo miezi saba. Mara ya mwisho niliona damu imekuwa nyepesi, inateleza kikombeni kama maji ya rangi, na ndani yangu nikafurahi, nikadhani sasa imesafika. Nikamwambia hivyo. Yeye pia alifurahi. Wiki ile alianguka nyumbani kwake. Hospitali walimpima wakamkuta na upungufu mkubwa wa damu. Alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi uliokuwa ukimtoa damu nyingi kila hedhi, na juu ya hasara ile mimi nilikuwa namwongezea ya kwangu. Alipona. Hakunilaumu. Alinitumia ujumbe kwamba anaendelea vizuri, na kwamba ananishukuru kwa ukarimu wangu.

Nilikaa na ujumbe ule kwa muda mrefu. Kama angekuwa ameambiwa ukweli, kwamba kikombe kinapunguza maumivu ya misuli na basi, asingekuja kwangu kwa kizunguzungu. Angekwenda kupima damu. Uongo wetu mdogo juu ya kinachotoka ndio uliomchelewesha. Tangu hapo hakuna mtu ninayemchanja chale bila kuona ndani ya kope zake za chini na kumuuliza juu ya uchovu, hedhi, na choo cheusi. Akiwa na weupe usio wa kawaida ndani ya kope, simgusi kwa wembe. Namwandikia karatasi aende akapime.

Alama nazo zina uongo wake. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, dunia nzima ilimwona mwogeleaji Michael Phelps na miduara ya zambarau mabegani, na wateja wetu wakaongezeka. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na zile chati zinazosema mduara mwekundu maana yake hivi, wa zambarau maana yake figo, wa kijivu maana yake baridi imeingia. Mduara ni damu iliyovilia. Mishipa midogo kabisa ya ngozi imepasuka kwa kuvutwa. Rangi yake inategemea umevuta kwa nguvu gani, kwa muda gani, na mahali gani. Mtu yuleyule, siku ileile, atatoka na alama mbili tofauti ukibadilisha pampu. Kisha mwili unaanza kuisafisha damu ile: zambarau inakwenda kijani, kijani inakwenda manjano, kwa siku saba hadi kumi na nne imekwisha, kama vilio la damu la mtu aliyejigonga mezani. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani kirahisi, na hapo ndipo wengi wetu tunazidisha nguvu tukisubiri wekundu ambao hautaonekana. Tazameni uvimbe na muulizeni mwenye mgongo. Msisubiri rangi.

Mtaniuliza, basi inasaidia nini? Majaribio yaliyofanywa kwa wenye maumivu ya shingo na ya kiuno yanaonyesha kwamba wengi hupata nafuu ya muda mfupi. Majaribio hayo mengi ni madogo, na kuna ugumu ambao hauondoki: huwezi kumficha mtu kwamba amebandikwa kikombe, na anayejua ametibiwa mara nyingi hujisikia vizuri. Kwa shinikizo la damu, kisukari, ugumba, saratani na mengine tunayoyaona yameandikwa kwenye mabango, sijaona ushahidi wa kunifanya nimwambie mtu aache dawa zake. Naomba tuyafute mabango hayo. Anayekuja na mgongo uliokaza kwa kukaa kitini, anayekuja na mabega yaliyobeba mizigo, huyo ni wetu, na tunampa kitu cha thamani.

Na tumpe kwa mikono safi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu ambalo jicho halilioni. Kikombe kilichopanguswa kwa spiriti hakijasafika. Kwa chuku ya damu, kikombe ni cha mtu mmoja, mara moja, kinatupwa. Wembe unafunguliwa mbele ya macho ya mwenye mgongo, na baada ya kazi unaingia kwenye chombo kigumu kisichotoboka. Glavu zinabadilishwa. Pembe hii iliyowafikia sasa mikononi, tangu bibi afariki haijagusa mgongo wa mtu na haitagusa tena, kwa sababu pembe ina vitundu vidogovidogo ndani yake na hakuna namna ya kuitakasa nikalala usingizi. Naipenda kuliko kitu chochote nilichorithi, na nimeistaafisha.

Wako wa kuwarudisha mlangoni kwa upole. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye ugonjwa wa damu isiyoganda. Mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu. Mjamzito, tumboni na kiunoni. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba, maana chale zetu zitamwachia vinundu vya maisha. Mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye ganzi imemwingia hatahisi kikombe kinapomuunguza wala asali inapozidi joto, kwa hiyo kama mnamhudumia, msitumie moto. Kwa asali, ulizeni kama nyuki au chavua humletea mwasho au kubanwa pumzi, na jaribuni tone moja kwenye mkono mapema. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu, usikandwe kwa asali wala kwa chochote. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na mkono wenu unaweza kuling'oa bonge lile likaenda kwenye mapafu. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Swali moja najua litakuja, nalijibu sasa. Je, kwa kuwa asali inaponya vidonda, tuipake kwenye chale baada ya hijama? Asali kweli ina uwezo huo. Ni sukari kwa karibu asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo inawanyonya maji wadudu wa kidonda hadi wanakufa. Ina uchachu. Ina kimeng'enya ambacho nyuki huitia, na asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda kimeng'enya hicho hutengeneza kidogokidogo dawa ileile ya kuua vijidudu tunayoiona ikitoa povu kwenye jeraha. Kwa majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana, imeonekana kuponya haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi. Ya kwenye chupa yetu inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, mwenye sumu inayopoozesha, zinazovumilia miaka ndani ya asali. Kwa sababu hiyohiyo mtoto wa chini ya miezi 12 halambishwi asali hata tone, awe na kikohozi au asiwe nacho. Kwa chale, bandeji safi na kavu inatosha. Asali yetu ya kukandia ibaki kwenye ngozi nzima.

Pembe imerudi, ahsanteni. Naona kuna aliyetia kidole chake kwenye tundu. Ndivyo nilivyofanya mimi nilipokuwa na miaka sita, nikachapwa.

Maji ya moto yako tayari pale, na chupa imekaa ndani yake robo saa sasa. Naomba mmoja ajitolee mgongo wake, usiwe na kidonda wala upele, na awe hana shida na nyuki. Nitafanya dakika kumi za asali, kisha vikombe viwili vya pampu, bila chale. Walioko nyuma sogeeni, mlio wake ni mdogo na nataka muusikie unapobadilika. Kitambaa nitakachofutia nitakiweka hapa mezani, karibu na kingine chenye asali nitakayokuwa nimeipiga kati ya viganja vitupu, mtavitazama vyote viwili. Karibu, dada. Lala kifudifudi, na ukiona ninavuta sana, niambie.